GTX 1660 Super ya mtumba kwa Folding@home: chukua, ila ibane umeme

Tangu sarafu ya kidijitali Ethereum iachane na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, wachimbaji wengi walibaki na kadi za picha zisizo na kazi, na za mtumba zikajaa sokoni. Kwa mtu wa Mwanza anayetaka kuchangia hesabu za Folding@home, mradi wa sayansi unaotumia kompyuta za watu wa kujitolea, kadi ya GTX 1660 Super ya Nvidia tunaipa nane kwa kumi. Ina koa (vitengo vya hesabu) 1408, memori ya GDDR6 GB 6, na kiwango chake cha kiwandani ni wati 125. Mpinzani wake, RX 580 ya AMD, inakula 185, na nyingi zilizotoka kwa wachimbaji zilichokonolewa BIOS, yaani programu ya ndani ya kadi.

BIOS hiyo ndiyo shida yenyewe: inaweza kuisukuma memori hadi ikosee. Muuzaji atakuwashia gemu dakika tano, picha safi, "boss, mzigo uko poa". Gemu halithibitishi kitu. Memori ikikosea kwenye gemu, nukta moja hubadilika rangi na hakuna anayeona. Folding@home inaigiza mwendo wa atomu za protini hatua baada ya hatua. Namba moja ikiharibika, zote zinazofuata zimeharibika. Programu hurudi ilipohifadhi mara ya mwisho, ikishindwa tena inaitupa kazi nzima. Kwa hiyo omba majaribio ya saa moja ya kazi halisi, na ufungue GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi: isome koa 1408, basi (njia ya memori) ya biti 192. Ikiandika FAKE, rudisha kadi mezani uage. Ikiwa kadi ni halali lakini inatupa kazi, shusha kasi ya koa kwa MHz 50 na urudishe memori kwenye kasi ya kiwandani kabla hujamlaumu mtu.

Powasaplai iwe na waya wa pini 8 wa kwake. Adapta ya kutoka SATA, waya wa umeme wa diski, usiiguse: plagi ya SATA imetengenezwa kwa wati 54 tu, huyeyuka. Kompyuta za ofisi za mtumba mara nyingi hazina waya huo kabisa. Humo weka GTX 1650 ya wati 75 isiyo na plagi ya ziada, mwendo mdogo lakini usingizi upo.

Sasa LUKU. Kompyuta nzima ikila wati 150, saa 24 ni yuniti 3.6, mwezi 108. Aliye kwenye D1, bei nafuu ya watumiaji wadogo, atavuka yuniti 75 kabla hata friji haijahesabiwa, na bei inapanda ghafla. Kwa T1, bei ya matumizi ya kawaida, karibu Sh 356 kwa yuniti, hiyo ni zaidi ya Sh 38,000. Dawa ni kuibana: fungua terminali kama msimamizi, andika nvidia-smi -pl 90. Ikikataa, itakutajia kiwango cha chini inachokubali. Kasi hupungua kidogo kuliko umeme unaookoa, na feni zinatulia. Ukizima kompyuta, agizo linafutika, liweke lijiendeshe kila inapowaka. Kazi ziache zikimbie usiku. Asubuhi bonyeza Finish, siyo Pause, imalize iliyo mkononi. Kazi ina muda wa mwisho, na iliyolala siku mbili inaweza kupewa mtu mwingine.

Iachie pia koa moja ya CPU. Kadi za Nvidia huifanya koa hiyo isubiri muda wote, ukiijaza kazi nyingine kadi inakaa njaa.

Alama mbili tulizokata ni za joto na vumbi, na hapa ziwani vumbi lina mabawa. Wale wadudu wanaoinuka majini kama moshi hufuata mwanga, na kadi yenye taa za rangi inawaita ndani. Zima taa hizo. Funga kipande cha chandarua kwenye feni ya kuingiza hewa, kifue kila wiki. Wakishaingia, mizoga huganda kati ya mapezi ya alumini kama unga uliolowa. Tumia brashi ya rangi kavu kwanza, halafu blowa, huku umeshika pangaboi kwa kidole lisizunguke. Joto likigusa nyuzi 83 kadi inajipunguza mwendo yenyewe. Hapo, kama mapezi ni safi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu.