Jeki: acheni kuuliza tani, ulizeni kimo

Nilipata pancha Mlandizi, saa moja na nusu usiku, na kwenye buti nilikuwa na jeki mpya ya chupa (ile inayosimama wima kama chupa) ya tani 5 ambayo haijawahi hata kutoka kwenye boksi. Tani 5! IST yangu nzima haifiki tani moja na nusu. Nikalegeza nati, nikapiga magoti vumbini, nikaisukuma jeki chini ya gari. Haikuingia. Tairi likiisha upepo gari linakaa chini, na jeki yangu, ikiwa imefungwa kabisa, ilikuwa ndefu kuliko hiyo nafasi. Nikaanza kuchimba shimo kwa ncha ya spana ya tairi, mpaka kijana mmoja wa bodaboda akaleta vipande viwili vya mbao, tukapandisha tairi juu yake. Hapo ndipo ikapenya, kwa kubanana.

Kesho yake nilitoa upepo tairi la nyuma kwa makusudi, majirani wakinishangaa, nikapima kwa tepu. Kutoka chini mpaka kwenye mkunjo wa bati ulio chini ya mlango, pale jeki inapokaa: sentimita 14. Jeki: sentimita 19. Kwa hiyo ukienda dukani beba tepu. Tani zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kama bango la mkutano. Kimo cha kuanzia, yaani urefu wa jeki ikiwa imefungwa kabisa, kimefichwa ubavuni, kwa milimita, na muuzaji mwenyewe hakijui.

Kwa gari dogo, namba moja kwangu ni jeki ya mkasi (ile inayofunguka kama mkasi ukizungusha parafujo) ya Toyota yenyewe, used kutoka Japani. Sifichi, hapa nina upendeleo. Ya kwangu ikifungwa ina sentimita 10 tu. Halafu angalia kichwa chake: kina mfereji katikati. Chini ya mlango wa gari kuna mkunjo wa bati wenye vipengo viwili vidogo. Mfereji unaumeza ule mkunjo hapo katikati ya vipengo, na gari halitelezi. Jeki ya chupa ina kichwa cha duara kama kifuniko cha soda. Ukikiweka pale unakunja bati, au gari linachomoka. Unapoinunua, izungushe mpaka mwisho kwenda na kurudi. Parafujo ikigoma katikati, imepinda, iache.

Namba mbili ni jeki ya kitoroli, ile ya chini yenye magurudumu, kama unabadilisha breki padi mwenyewe nyumbani. Tamu kutumia, ila ni nzito na inakula buti lote. Nunua na stendi zake mbili, zile za kushikilia gari likishainuliwa, siku hiyohiyo. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja ya kuangalia oili inavuja wapi.

Jeki ya chupa naiweka ya tatu. Kwa Hilux, Land Cruiser au Canter ni sawa kabisa, kule nafasi ipo. Kwa Vitz na Passo, utachimba kama mimi. Zile za umeme za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, pima kimo kwanza, mengine baadaye. Na zile za mkasi mpya zinazotembezwa kwenye foleni, bati lake unalikunja kwa mkono. Basi.

Sasa bei. Gari linatoka Japani na jeki yake, kijaruba chake, mpini wake. Mahali fulani kati ya meli na mkononi mwangu vyote viliyeyuka, kisha nikaenda Shaurimoyo, Dar, kwenye spea used, kununua jeki ileile ya IST, labda hata ni ya kwangu! Na ukishakubaliana bei ya jeki unaambiwa, "Mpini unauzwa kando, dada." Jeki ya mkasi bila mpini utaizungusha kwa meno? Hakikisheni mpini umo kwenye bei kabla hamjatoa pesa, na ujaribuni kwenye tundu la jeki hapohapo, maana mipini inayofanana si lazima iingiliane.

Aliyeniuzia ile ya tani 5 alikataa kuirudisha: mali ikishatoka dukani hairudi. Nimempa shemeji mwenye Canter. Anaisifu kila tukikutana.