Unga wa Kulisha Nyuki na Shira ya Chupa: Kimoja Kinafaa

Mwezi wa Februari, kaskazi ilipokuwa imekausha maua karibu yote yanayozunguka mizinga yangu sita nje kidogo ya Malindi, nilinunua katika duka moja la pembejeo bidhaa mbili zinazouzwa pamoja: pakiti ya kilo moja ya unga wa soya na hamira, na chupa ya shira iliyo tayari. Unga unastahili bei yake. Shira haistahili hata kubebwa.

Nianze na unga, ambao ndio wenye kazi ngumu. Nekta humpa nyuki sukari ya kumwezesha kuruka, lakini protini, mafuta na vitamini huzipata katika chavua, na nyuki walezi wakiikosa hawawezi kutoa maziwa ya kuwalishia majana, yaani watoto wa nyuki, hata masega yawe yamejaa asali. Niliukanda kwa asali yangu mwenyewe mpaka ukalainika kama donge la chapati, nikauweka juu ya fremu zenye majana. Siku ya kwanza waliuzunguka tu. Kufikia siku ya nne mizinga minne ilikuwa imeumaliza, na baada ya wiki mbili niliona majana meupe, yaliyonona, katika vijumba vilivyokuwa vitupu. Mizinga miwili iliyo chini ya minazi haikuugusa sana, wala sikushangaa, maana mnazi hutoa maua mwaka mzima na nyuki aliyepata chavua halisi hana haja na soya. Kasoro yake ni lebo isiyotaja kiasi cha protini.

Shira ilikuwa nyeusi, ikinuka sukari guru, ambayo ina mabaki yasiyomeng'enywa na tumbo la nyuki. Siku ya tatu milango ya mizinga ilijaa madoa ya kahawia ya kuhara. Muuzaji alinijibu, “Sukari ni sukari, mzee wangu.” Nikatengeneza yangu: kilo moja ya sukari nyeupe katika lita moja ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, nyepesi kuliko ya kaimati na bila iliki. Niliiweka wakati wa magharibi, ili nyuki wa mizinga mingine wasije kuipora, na vijiti vikielea juu yake wasizame.

Unga uliobaki niliuondoa masika yalipoanza, kabla mende wa mizinga hawajautagia mayai.