Ukurasa wa kumbukumbu (memory) za vifaa katika nyaraka za kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux

Nilikesha siku mbili na draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kadi ya PCI, yaani kadi inayochomekwa kwenye basi, njia ya data ndani ya kompyuta. Nilikuwa naandika amri ya kuzima kwa writel (kitendo cha kerneli cha kuandika kwenye rejista, kisanduku kidogo cha data ndani ya kifaa), nasubiri kidogo, kisha naendelea. Amri ikawa inaichelewa kadi. Jibu nililikuta kwenye ukurasa huu: data inayoandikwa kupitia basi ya PCI inaweza kukawia njiani, na kusoma rejista ya kifaa hichohicho kwa readl, kitendo cha kusoma, huilazimisha ifike kwanza. Nikaongeza mstari mmoja, draiva ikatulia.

Ndiyo maana nauthamini sana ukurasa huu. Unaeleza wazi kwamba anwani inayotoka kwa ioremap (kitendo kinachoipa kerneli njia ya kufikia kumbukumbu ya kifaa) si pointa, yaani kielekezi cha kumbukumbu, ya kawaida ya kusomwa moja kwa moja, na kwamba readl_relaxed ni nyepesi kuliko readl lakini haihakikishi mpangilio dhidi ya DMA, yaani kifaa kusoma au kuandika kumbukumbu kuu chenyewe bila kupitia kichakataji. Jedwali la jinsi kila aina ya ioremap inavyokuwa kwenye vichakataji vya ARM64 nalo ni zuri mno. Kwa ioremap_wc, mojawapo ya aina hizo, ningependa mfano mmoja kamili, maana hapo data inayoandikwa huweza kuunganishwa na kupangwa upya, na anayeanza atalazimika kurudia kusoma. Wangu nimeuchapisha, nimeubandika ukutani juu ya meza.