Matofali ya Majivu ya Pumba ya Uyole
Matofali ya saruji iliyochanganywa na majivu ya pumba za mpunga, yanayofyatuliwa na karakana moja ya Uyole, jijini Mbeya, yanastahili kuangaliwa zaidi ya unafuu wa bei yake. Pumba hutoka kwenye mashine za kukoboa mpunga za Mbarali. Zikichomwa bila joto kupita sana nyuzi 700, majivu yake hubaki na silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga) iliyo tayari kuungana na chokaa inayotoka kwenye saruji inapokutana na maji; moto ukizidi, silika hiyo hugeuka fuwele na kupoteza makali. Nilipovunja tofali moja, ndani lilikuwa la kijivu sawasawa, bila chembe nyeusi za pumba zilizoungua nusunusu, na kingo zake hazikumomonyoka kwa ukucha. Tatizo ni muda: mchanganyiko huu hukomaa polepole, baridi ya Juni na Julai huuchelewesha zaidi, na fundi mwenye haraka (nani asiyemjua?) hatapenda kumwagilia maji kwa wiki kadhaa. Kwa kuta za nyumba isiyo ya ghorofa nayapendekeza. Kwa msingi, muuzaji aonyeshe kwanza majibu ya maabara, ambayo hakuwa nayo.