Nimepimwa mzio wa ganzi, haya ndiyo niliyoyaona

Kama faili lako limeandikwa "ana mzio wa ganzi" na hujawahi kupimwa, tafuta kliniki ya mzio. Mimi niliandikiwa hivyo baada ya sindano ya kung'olewa jino: moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka, basi. Tangu hapo kila daktari wa meno akisoma faili anasita, hata kuziba jino tu naambiwa nikalazwe usingizi.

Kilichonifurahisha zaidi ni maswali kabla ya sindano yoyote. Dalili zilianza baada ya muda gani? Midomo ilivimba? Vipele vilitoka? Ganzi ilikuwa na adrenalini (dawa inayoongezwa ili ganzi idumu)? Daktari alinieleza kwamba moyo kwenda mbio mara nyingi huletwa na hiyo adrenalini au na hofu, na kwamba mzio wa kweli wa dawa za ganzi kama lidokeini ni nadra sana. Wakati mwingine mkosaji ni kitu kingine kilichotumika siku ileile, kama glavu za mpira au dawa ya kusafishia ya klorheksidini, kwa hiyo hivyo navyo aliviulizia.

Niliagizwa mapema kuacha vidonge vya mzio kwa siku kadhaa, maana huficha majibu. Walidondosha matone kwenye mkono: histamini (kemikali ya kulinganishia, ambayo huvimbisha ngozi), maji ya chumvi, na ganzi isiyo na adrenalini, kisha kila tone likachomwa kidogo. Baada ya dakika 15 penye histamini palivimba na kuwasha kweli kweli; penye ganzi ngozi ilikuwa vilevile. Ikafuata ganzi iliyozimuliwa, ndani ya ngozi. Mwisho wakanichoma chini ya ngozi, dozi ikipandishwa taratibu hadi mililita 1, muuguzi akipima presha kila mara na dawa za dharura zikiwa mezani. Usikubali kuishia kwenye ngozi tu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayomtoa daktari wa meno wasiwasi. Na usijaribu popote pasipo na vifaa vya dharura, hasa kama uliwahi kuvimba au kubanwa pumzi.

Lawama yangu ni moja: kusubiri ni kwingi, na hakuna aliyenidokeza kabla.

Nimetoka na barua inayotaja jina la dawa, kiasi nilichochomwa na majibu yake. Daktari wa meno aliisoma, akanichoma lidokeini, akaziba jino. Ukienda, idai barua hiyo kabla hujaondoka, na uhakikishe faili la zamani nalo limerekebishwa.