Seti ya wanafunzi ya kuchonga lino: zana nzuri, boksi lenye mapengo

Kwa kufundisha kanuni za usanifu wa picha kwa vitendo, seti ya kuchonga lino, bamba linalochongwa, kupakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi, inaishinda seti ya rangi za maji, na sababu kubwa ni kwamba lino haina futio. Penseli hufutika na rangi hufunikwa na rangi nyingine, lakini sehemu ya lino ikishachongwa imeondoka, haishiki wino, na kwenye chapa hutoka nyeupe. Mwanafunzi hulazimika kuamua kila sentimita kama hapa pabaki peusi au pawe peupe, na hakuna kijivu cha kujifichia. Mwalimu anaweza kueleza utofauti wa weusi na weupe ubaoni kwa wiki nzima. Kibao kimoja kilichochongwa vibaya hueleza zaidi.

Seti za kiwango cha wanafunzi hutengenezwa na kampuni nyingi na yaliyomo hufanana: mpini mmoja, vichwa vitano vya kuchongea, rola ya mpira ya upana wa sentimita 8 hadi 10, tyubu ya wino mweusi wa maji, na kibao kimoja au viwili vya sentimita 10 kwa 15. Mpini hauna la kusema. Uzito wa tathmini uko kwenye vichwa, kibao na wino.

Kwa kawaida kichwa nambari 1 ndicho chembamba kuliko vyote, chenye umbo la V, na nambari zinavyopanda ndivyo makali yanavyopanuka hadi U pana ya nambari 5. Mgeni wa lino hukimbilia nambari 1 kwa sababu inafanana na penseli. Matokeo yake ni picha nyeusi tii yenye mikwaruzo myeupe, kama mchoro wa daftari uliogeuzwa rangi. Dawa ni kuificha. Somo la kwanza lifanywe kwa nambari 5 peke yake, ili mwanafunzi afikiri kwa maumbo kabla ya mistari. Kisu, yaani mpini wenye kichwa chake, kilale karibu na kibao, kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 30, na kisukumwe kwa utulivu. Lino ya sanaa huwa na unene wa milimita 3 hivi, na kina cha milimita 1 hadi 1.5 kinatosha. Ukiona nyuzi za kitambaa cha gunia kilicho chini, umezidisha, na kuta za mistari ya jirani zitaanza kubomoka.

Vichwa vya seti za bei nafuu ni bati la chuma lililokunjwa, na huwa butu mapema. Utajua kwa kuangalia taka: kichwa kikali hutoa utepe mrefu uliojikunja, kichwa butu hutoa vumbi na vipande. Kichwa butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu mtu huongeza nguvu, kisha kinateleza. Kwa hiyo nunua pakiti ya vichwa vya akiba siku ileile unaponunua seti.

Kibao huja kwa aina mbili, na watengenezaji wengi hawaelezi tofauti yake ipasavyo. Lino halisi hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, utomvu na unga wa koki au mbao, juu ya kitambaa cha gunia. Mafuta hayo huendelea kukauka kwa miaka, hivyo kibao kilichokaa sana stoo huwa kigumu na hukatika kama biskuti. Kipashe joto kidogo, juani au kwa pasi ya moto mdogo juu ya karatasi, nacho kitalainika kwa dakika chache, kikipoa, rudia. Aina ya pili ni mpira laini, mara nyingi wa rangi ya waridi au kijivu. Hukatika kama jibini, na kwa watoto wadogo ni nafuu kubwa. Lakini ulaini huo una gharama: kisu huzama bila kuagizwa, mistari iliyokaribiana hupinda chini ya rola, na kona kali hutoka mviringo. Kwa wanafunzi wa sekondari, lino halisi ndiyo inayofundisha. Ukinzani wake humpunguza mtu kasi, na kasi ikipungua macho huanza kufanya kazi.

Kazi ya kwanza inayofaa ni mraba wa sentimita 10 kwa 10 wenye umbo moja tu, jani au ufunguo au jogoo, linalogusa angalau kingo tatu za mraba. Sharti la kugusa kingo si pambo. Umbo likielea katikati, nafasi inayolizunguka inabaki kuwa mabaki. Likigusa kingo, nafasi hiyo inakatwa vipande ambavyo navyo vina maumbo, na mwanafunzi anaanza kuvichora kwa makusudi. Kabla ya kuchonga, mchoro upakwe wino mweusi kwenye karatasi na utazamwe kutoka mita 3, macho yakiwa nusu yamefumbwa. Weusi na weupe vikikaribia nusu kwa nusu, picha mara nyingi hulala. Kimoja kitawale. Kisha geuza karatasi juu chini: upande unaovuta jicho kupita kiasi utajitokeza, na hapo ndipo neno mizani linapata maana bila fasili.

Kibao hichohicho hutumika kufundisha mdundo, yaani marudio ya maumbo. Kichapwe mara 16 kwenye karatasi ya sentimita 40 kwa 40, safu nne za nne, kwanza kikiwa wima kila mara, halafu kwenye karatasi nyingine kikizungushwa robo duara kila chapa. Mwanafunzi ataona mistari ya kibao kimoja ikiungana na ya jirani na kuzaa ruwaza ambayo hakuichora. Wengine hurudi wenyewe kurekebisha kingo. Sijui zoezi la rangi za maji linalomrudisha mwanafunzi mezani hivyo.

Anayetaka mfano wa kuonyesha atazame kazi za John Muafangejo wa Namibia (1943–1987): lino nyeusi na nyeupe, watu na maandishi ndani ya fremu moja, na kila pengo limepewa kazi. Maandishi yake yanakumbusha kosa linalorudiwa kila darasa: herufi kutoka kinyume. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, laza upande wa mchoro chini juu ya lino, sugua mgongo kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na chapa itaurudisha sawa.

Sasa wino, sehemu dhaifu kuliko zote ndani ya boksi. Wino wa maji huoshwa kwa sabuni, na hapo sifa zake zinaishia. Hukauka juu ya kioo cha kutandazia wino ndani ya dakika chache, mapema zaidi kukiwa na joto au feni, na chapa hutoka na madoa meupe kama chumvi iliyomwagika. Nyunyiza ukungu wa maji kwenye kioo, lowesha karatasi kidogo kisha ikaushe kwa kitambaa, na usipake kibao kabla karatasi haijawa tayari mkononi. Kosa la upande wa pili ni wino mwingi, unaojaza mistari membamba. Kwa kibao cha sentimita 10 kwa 15 anza na tone la ukubwa wa haragwe, ulitandaze kwa rola hadi lisikike likichachatika kwa sauti ndogo. Likitoa sauti ya ndala kwenye matope, limezidi. Paka tabaka tatu nyembamba, ukibadili mwelekeo wa rola kila mara. Wino wa mafuta unaooshwa kwa maji ni bora mno, ila chapa zake huhitaji siku kadhaa kukauka, na shule isiyo na kamba ya kutundikia itajuta.

Mashine ya kuchapia haihitajiki. Karatasi ya gramu 70 hadi 90 kwa mita ya mraba husuguliwa kwa mgongo wa kijiko, duara ndogondogo kutoka katikati kwenda nje. Inua kona moja kukagua bila kuachia nyingine. Karatasi nene ya gramu 200 itakuchosha mkono bure.

Kwa rangi, seti inafika mahali finyu. Njia ya kibao kimoja kinachochongwa na kuchapwa hatua kwa hatua, ambayo mchoraji Picasso aliitumia sana mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, inawezekana: rangi nyepesi kwanza, nyeusi mwisho. Lakini kibao huliwa njiani na hatua iliyopita hairudiwi, kwa hiyo ukitaka nakala 6 safi chapa 9 tangu hatua ya kwanza. Inafundisha vizuri mkazo, yaani kulivuta jicho mahali pamoja. Uhusiano wa rangi na rangi haifundishi. Kwa hilo tumia karatasi za rangi na mkasi.

Kinachokosekana kabisa kwenye boksi nyingi ni ubao wa kuzuilia, na bila huo mkono wa pili hukaa mbele ya kisu. Utengenezeni: ubao wa sentimita 20 kwa 25, kipande kimoja cha mbao kipigiliwe chini kwenye ukingo wa mbele ili kishike meza, kingine juu kwenye ukingo wa nyuma ili kizuie kibao. Darasa la wanafunzi 30 linahitaji mbao hizo 30 na mipini 30, lakini rola 6 zinatosha, kwa kuwa hakuna siku watu wote humaliza kuchonga pamoja. Vibao vya ndani ya seti ni vidogo na huisha siku ya kwanza. Nunua lino ya mita na kuikata kwa kisu, ukitenga meza moja ya wino na nyingine ya karatasi safi, na mtu mmoja mwenye mikono mikavu asimamie hiyo ya pili.