Sabufa ya Kuongeza Kwenye Redio ya Sebuleni: Ununue Ipi Mombasa?

Kabla hujapanda matatu kwenda mjini, geuza ampu yako, yaani kile kifaa kinachosukuma spika, uitazame mgongoni, kisha uipige picha kwa simu. Wengi wetu tukitaka sabufa, yaani spika ya besi peke yake, huanza na ukubwa wa spika, inchi 8, 10 au 12, na wati zilizoandikwa kwenye katoni. Tukifika nyumbani ndipo tunapogundua hakuna pa kuichomeka.

Unatafuta tundu la RCA, lile dogo la duara la waya wa sauti, lililoandikwa SUB OUT au PRE OUT. Ukilikuta, una nafasi kubwa ya kuchagua. Redio nyingi za zamani za spika mbili hazina. Zina vibano vya waya wa spika tu, vyekundu na vyeusi. Usikate tamaa. Hizo pia zinaunganishwa vizuri, ila si kwa kila sabufa.

Ninayoiweka mbele ya zote ni sabufa yenye ampu yake ndani, inayochomekwa kwenye soketi ya stima, na yenye njia mbili za kuingizia sauti: matundu ya RCA pamoja na vibano vya waya wa spika. Kama ampu yako haina SUB OUT, unavuta waya mwingine kutoka vibano vile vile vya spika hadi kwenye sabufa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kila kitu kikiwa kimezimwa. Sabufa huonja tu sauti pale. Nguvu inaitoa ukutani. Ampu yako haihisi mzigo wowote wa maana. Ukibadilisha redio kesho, sabufa hiyo itaendelea kukufaa. Hata ikiwa ndogo, ya inchi 8, ningeichukua kuliko ya inchi 12 isiyo na vibano hivyo.

Ya pili ni yenye ampu ndani lakini ina RCA peke yake. Ikiwa picha yako inaonyesha SUB OUT, hii inakutosha kabisa, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Waya mmoja na kazi imekwisha.

Ya tatu ni seti nzima ya wufa, ile inayokuja na spika zake mbili. Kwa chumba cha kupanga na mtu asiye na ampu, ni ununuzi wa busara. Kwa mwenye spika nzuri tayari, analipia vitu asivyovihitaji.

Ya nne inauzwa sana, na ndiyo inayoniuma: sabufa isiyo na ampu, iliyong'olewa kwenye seti ya sinema ya nyumbani ya mtumba. Huonekana nzito, safi, na bei inavutia. Niliuziwa moja, na fundi akaiunganisha kwenye vibano vile vile vya spika. Spika zangu zilikuwa za omu 8, sabufa ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, ampu inabeba mzigo zaidi). Zikiunganishwa sambamba ampu inakutana na omu 2.7 hivi, ilhali mgongoni imeandikwa isishuke chini ya 6. Ilipiga jioni moja, ikapata moto, ikanyamaza. Ilikuwa ampu aliyoniachia baba. Sabufa ya aina hii inahitaji ampu yake ya pembeni yenye krosova, sehemu inayoiachia sabufa besi tu, na ukijumlisha gharama hiyo utakuta umeshavuka bei ya ile ya kwanza.

Ya gari naiweka mwisho. Ampu yake hutaka volti 12, na ili itoe wati 300 inakula zaidi ya ampea 25. Adapta za kawaida hazifiki huko, na sipendi kuona betri ya gari ikichajiwa chumbani wanakolala watoto.

Ukienda kutafuta mtumba, soma kibandiko cha volti. Vitu vilivyotumika Uingereza vinakubaliana na stima yetu ya volti 240. Vya Japani ni vya volti 100, vya Marekani 120. Ukivichomeka moja kwa moja, vinaungua. Kisha bonyeza koni, ule uso wa spika unaotetema, taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ukisikia mkwaruzo, iache. Kagua pia ukingo unaoizunguka: ukiwa wa sponji, hewa yetu ya joto na unyevu huulainisha hadi ukamomonyoka, wakati wa mpira hudumu. Chungulia pini, chumvi ya bahari huziachia kutu ya kijani.

Omba ipigwe kwa wimbo unaoujua, hasa taarabu yenye gitaa la besi. Uzi mnene wa gitaa hilo hufika Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), ambako spika ndogo za rafuni hazifiki. Sabufa nzuri itakupa noti moja moja. Mbovu itavuma tu.

Nyumbani, anza na krosova kwenye Hz 80. Iweke sabufa pale unapokaa, cheza wimbo, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama; panaposikika besi safi, ndipo pa kuihamishia. Pembeni mwa ukuta sauti huongezeka, na katika vyumba vya mawe vya Mji wa Kale inaweza kuzidi. Jaribu swichi ya sabufa ya 0 na 180, inayooanisha mwendo wake na wa spika, ubaki na upande wenye besi nzito zaidi. Ikivuma bila muziki, chomeka ampu na sabufa kwenye ekstensheni moja, wala usikate pini ya ethi.

Kwenye fleti za Tudor au Bamburi, besi hupita sakafuni hadi kwa jirani wa chini. Kanuni za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinagusa kelele na mtikisiko pia. Weka kipande kinene cha mpira chini ya boksi, na usiku ipunguze sabufa yenyewe kwa kitufe chake cha nyuma, spika zikiendelea kama kawaida.